“Knock off” aliyoambiwa kijana wa Leeds: hakufukuzwa kazi

Swali la msomaji:

“Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Muheza, niko Leeds huku Uingereza mwaka wa pili sasa, nafanya kazi ya kupakia mizigo ghalani. Juzi saa nane mchana msimamizi alinijia akaniambia, ‘You can knock off now, mate.’ Alikuwa anatabasamu, lakini mimi nilichosikia ni ile ‘off’ tu, moyo ukanilipuka. Nikakunja sare, nikaiacha kabatini, nikaondoka bila kuaga mtu. Kesho yake sikwenda. Saa tatu asubuhi akanipigia simu kuuliza kama naumwa. Nimetazama kamusi: ‘knock’ ni gonga au bisha hodi, ‘off’ ni zima. Gonga zima ndiyo kitu gani? Ninayeishi naye ananiambia ‘knock-off’ ni bidhaa feki. Mwenzangu wa kazini anasema ni kuua mtu. Naomba unieleze lote, maana nimepoteza mshahara wa siku nzima kwa maneno mawili.”

Marahaba, ndugu yangu. Pole sana kwa siku hiyo. Nianze na lililo kubwa: hukufukuzwa. Msimamizi alikuambia kazi ya leo imetosha, nenda nyumbani. Tena kwa saa nane mchana, nadhani alikuwa anakufanyia hisani. “Knock off” hapo ni kutoka kazini, kama fundi wa kwetu anavyowaambia vibarua “jamani, tufunge”. Mwenzako wa chumbani hakukosea, wala yule wa kazini, na kamusi nayo haikukudanganya. Kila mmoja alishika kipande.

Tatizo lilikuwa namna ulivyoiuliza kamusi. Uliuliza neno la kwanza, ukauliza la pili, kisha ukajumlisha. Sasa jiweke mahali pa Mwingereza anayejifunza Kiswahili. Anasikia mtu amepiga pasi, amepiga mswaki, amepiga simu, amepiga kura, halafu jioni anasikia fulani kampiga chini mchumba wake. Akijumlisha kwa kamusi atadhani kwetu ni ugomvi kutwa kucha. Wewe hujumlishi. Unasikia “piga”, sikio linangoja kinachofuata, na kinachofuata ndicho kinachoamua. Kitenzi “knock” kikiandamana na “off” hufanya kazi hiyohiyo, na sikio unalo tayari.

Tushuke kwenye maana ya mwanzo kabisa, ile unayoweza kuiona kwa macho. Wewe ni mtu wa Muheza, machungwa unayajua, lakini hapa nitachukua embe, kwa sababu chungwa lililo karibu utalichuma kwa mkono na embe la juu ni lazima uliangue. Umesimama chini ya mwembe na fimbo ndefu. Unaligonga, linabanduka kwenye kikonyo, linadondoka. Mwingereza anasema: “He knocked the mango off the branch.” “Knock” inaeleza lile tendo la fimbo. “Off” inaeleza kwamba embe sasa haliko pale lilipokuwa limeshika. Sisi yote hayo tumeyafunga ndani ya kitenzi kimoja, kuangua.

Na tazama kitenzi chetu chenyewe kilivyotembea. Embe linaanguliwa, kuku anaangua vifaranga, mtu anaangua kicheko, msibani watu wanaangua kilio. Hakuna fimbo kwenye kicheko, lakini kuna kitu kilichokuwa kimeshikiliwa kikaachia ghafla, na kila Mswahili anakisikia bila kufundishwa.

Kwa hiyo “off” usiifasiri tena kuwa “zima”. Hiyo ni maana ya swichi tu, na hata swichi inafanya kilekile: inautenga umeme na taa. Kiini cha “off” ni kubanduka. Ukikutana na “knock off” mahali popote, jiulize swali moja: ni nini kinabanduka, na kinabanduka kwenye nini?

Kwenye sentensi ya msimamizi wako, kilichobanduka ni wewe, kwenye kazi ya siku ile. Waingereza wamekuwa wakitumia maneno haya kwa maana ya kuacha kazi tangu karne ya 17. Utaambiwa hadithi kwamba yalitokana na ngoma ya kuwapigia mwendo wapiga makasia wa jahazi za kale, ngoma ikinyamaza wanapumzika. Ni hadithi tamu, ila haina ushahidi, usiirithi. Linalonivutia mimi ni kwamba Wazulu, ambao lugha yao na yetu ni za ukoo mmoja, wana “ukushaya” kwa maana ya kupiga, na kutoka kazini ni “ukushayisa”. Wao nao wamefika kwenye mwisho wa kazi kwa kupitia kitenzi cha kupiga.

Hapo Leeds utasikia hivi: “What time do you knock off?” yaani unatoka saa ngapi. “I knock off at five,” natoka saa kumi na moja jioni; kumbuka saa yao na yetu zinapishana kwa saa sita, nayo imewahi kuwakosesha watu mabasi. “Let’s knock off early,” tufunge mapema. Ukienda Australia au Afrika Kusini utakuta ule wakati wa kutoka una jina lake kabisa, “knock-off time”. Ni lugha ya wafanyakazi wenyewe kwa wenyewe, na bosi anaweza kuitumia kwako nawe kwake bila kukosa adabu. Kwenye barua ya kuomba ruhusa usiiandike. Andika “finish work” au “leave work”.

Kwa kuwa uko kaskazini mwa Uingereza, nchi ya viwanda vya nguo, lipo neno la jirani ambalo ni vizuri ulijue. Enzi za viwanda, saa ya kengele ilikuwa ghali na zamu zilianza alfajiri, basi mitaa ya wafanyakazi ilikuwa na mtu aliyelipwa peni chache kwa wiki kuwaamsha watu. Alipita na fimbo ndefu akigonga madirisha ya ghorofani, wengine wakipuliza njegere kavu kwa mrija hadi kwenye kioo. Aliitwa “knocker-up”. Kazi hiyo ilidumu sehemu nyingine hadi katikati ya karne ya 20. Kwa maana hiyohiyo ya kuamsha, mzee wa Kiingereza anaweza kukuambia “I’ll knock you up at six,” akimaanisha nitakugongea mlango saa kumi na mbili asubuhi. Lakini kwa Mmarekani, na siku hizi kwa vijana wa Uingereza pia, “knock up” ni kumpa mwanamke mimba, tena kwa lugha isiyo ya heshima. Kitenzi ni kilekile, “up” imeingia mahali pa “off”, na umeshaona umbali wake. Wewe ukitaka kuamshwa sema “wake me up”, basi.

Sasa ile ya kukatazana. Hapa ninalo la kwangu, na hadi leo linaniuma. Miaka mingi iliyopita nilikuwa mkalimani kwenye mradi wa kuchimba kisima. Jua la saa tisa lilikuwa kali, vijana wanavuta mabomba, wanataniana kwa sauti. Mhandisi, Mwaustralia, akagonga bomba kwa spana mara mbili akasema, “Right, knock off, fellas.” Vijana wakanitazama. Mimi kichwani nilikuwa na “knock it off”, niliyoisikia kwenye filamu, nikawaambia: “Anasema acheni kelele.” Wakanyamaza, wakaendelea kuvuta mabomba. Mhandisi alikaa garini nusu saa nzima akiwasubiri, akidhani wanamalizia kwa hiari yao, na wale vijana walifanya nusu saa ya jua ambayo hakuna aliyewalipa. Nilikuja kuelewa usiku, nilipofungua kamusi. Tofauti yote ilikuwa kineno “it”.

“Knock it off!” ni “acha!”, “koma!”, “basi!”. Mama anawaambia watoto wanaovutana nguo sebuleni: “Knock it off, you two.” Sajini anawaambia askari wanaocheka kwenye gwaride. Ukiuliza hiyo “it” ni nini hasa, hakuna wa kukujibu, kama vile kwetu mtu akikuambia “acha hizo” huulizi hizo zipi. Hizo ni hizo. Uzito wake unategemea sauti na uhusiano. Kwa rafiki anayekutania inaweza kuwa nyepesi, lakini kwa mkubwa wako, au kwa mtu usiyemjua mtaani, ni amri kavu, na inaweza kuleta ugomvi. Mtu akikukera kazini na hujamzoea, “Please stop that” inatosha.

Hapohapo kuna kanuni ya sarufi ambayo wanafunzi wangu wengi huiona ngumu mpaka niwaonyeshe kwamba tayari wanayo. Kiingereza kinaruhusu “knock off ten pounds” na pia “knock ten pounds off”. Nomino inaweza kukaa nje au katikati. Lakini ukishaweka kiwakilishi, yaani “it” au “them” au “him”, lazima kiingie katikati: “knock it off”. “Knock off it” haipo. Sasa angalia Kiswahili: unasema “nimeona kitabu”, kitabu kiko nje, ukikiondoa unasema “nimekiona”, na ile “ki” inaingia tumboni mwa kitenzi. Husemi “nimeona ki”. Wao wana mwili wa vipande viwili na kiwakilishi kinabanwa katikati yake, sisi tuna mwili mmoja na kiwakilishi kinamezwa ndani.

Sikio pia linahitaji msaada. Ile “k” ya mwanzo haitamkwi, na maneno mawili huungana: “nokof”. Wakati uliopita, “knocked off”, usitegemee kusikia “noked of”. Utasikia “noktof”, ile “ed” imekuwa “t” tupu iliyorukia neno la pili. Na ikiwa ni kitenzi mkazo unaangukia mwishoni, “nok-OF”; ikiwa ni nomino unarudi mwanzoni, “NOK-of”. Msimamizi wako alisema kitenzi. Mwenzako wa chumbani anaposema bidhaa feki, anasema nomino.

Kabla ya bidhaa kuna bei, na hii utaitumia zaidi kuliko zote. “Can you knock something off?” ni “nipunguzie kidogo”. “He knocked ten pounds off,” kanipunguzia pauni 10. Kinachobanduka ni fedha, inabanduka kwenye bei, kama embe kwenye tawi. Inaenda pia kwenye muda: “The new road knocks twenty minutes off the journey,” barabara mpya imepunguza safari kwa dakika 20. Na kwenye umri: mwanamke akitoka saluni na mtindo mpya anaambiwa “It’s knocked years off you,” ndiyo kusema umerudi usichana. Ni sifa, mwambie mtu kwa moyo mmoja.

Lakini ujue pa kuisemea. Kwetu, ukiingia Kariakoo au Gikomba ukalipa bei ya kwanza, muuzaji mwenyewe anakuonea huruma. Uingereza, kwenye kaunta ya duka kubwa, bei iliyoandikwa imekwisha, na kijana wa kaunta hana mamlaka ya kupunguza hata peni. “Knock something off” inafanya kazi kwenye magari yaliyotumika, kwa fundi anayekupigia hesabu ya kazi, kwenye minada ya Jumapili ambako watu wanauza vitu vyao vya nyumbani, na kwenye meza za sokoni. Hapo Leeds mnalo soko la Kirkgate, uende. Mwaka 1884 Michael Marks, Myahudi aliyehamia kutoka dola ya Urusi, Kiingereza chake kikiwa kidogo, alifungua meza pale, akauza kila kitu kwa peni moja na kuandika kwamba usiulize bei, ni peni. Alikwepa mazungumzo yote ya bei kwa kibao kimoja. Meza ile ndiyo iliyokuja kuwa Marks & Spencer. Namfikiria sana mtu huyo ninapopata barua kama yako.

Ukiomba kupunguziwa, ilainishe. “Could you knock a bit off?” inaingia sikioni vizuri kuliko “Knock it down!” inayosikika kama umemshika mtu shati. “Could you” inafanya kazi ambayo kwetu inafanywa na “ndugu yangu” na lile tabasamu la mwanzo wa mazungumzo.

Tuje kwenye feki. “Knock-off” kama nomino ni kitu kilichoigizwa: kiatu kinachofanana na kiatu cha jina kubwa, mkoba, saa, simu. Neno lilipata nguvu Marekani miaka ya 1960, likihusu hasa kunakili kwa haraka mtindo wa mwingine na kuuuza bei chee. Kinachobanduka hapa ni sura. Imebanduliwa kwenye kazi ya mtu, ikabandikwa kwenye kazi ya mwingine. Mitaani kwetu tunasema feki, au kopi, kinyume chake orijino.

Hapa naomba tutofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mtumba si “knock-off”. Mtumba unaweza kuwa orijino kabisa, umevaliwa tu na mwingine kabla yako. Ukimwambia Mwingereza kwamba shati lako la mtumba ni “knock-off” umejishushia mali yako bure, sema “second-hand”. Na pia si kila “knock-off” ni kosa la jinai. Kiti kilichofanana mno na kiti cha mbunifu maarufu kinaweza kuitwa hivyo bila kubandikwa jina la uongo. Kikishabandikwa nembo isiyo yake, sheria inatumia neno lake, “counterfeit”. Ndilo utakalolikuta kwenye sheria ya Kenya ya 2008 iliyounda mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia, na ndilo linalotumiwa na Tume ya Ushindani ya Tanzania kwenye taarifa zake za Kiingereza. Katika Kiswahili rasmi ni “bidhaa bandia”. Ukiwa unajaza fomu ya forodha au kuandika malalamiko, usiandike “knock-off”, hata kama ndilo neno lililo mdomoni mwa kila mtu.

Sasa sikiliza hili kwa makini kuliko mengine yote, kwa sababu unaishi Uingereza. Huko neno hili lina maana ya pili ambayo Mmarekani hana mazoea nayo sana: mali ya wizi. “Knock off” ni kuiba, na kitu kilichoibwa ni “knocked off”, au kwa mkato “knock-off”. Mtu atakuja ghalani au baani na simu mpya ndani ya boksi, au jaketi zuri, bei nusu ya dukani. Unauliza mbona rahisi? Anakonyeza: “It’s knocked off, innit.” Mgeni anaweza kudhani ameambiwa ni feki, akaona si neno, feki nayo inavalika. Kumbe ameambiwa imeibwa.

Na sheria ya huko inatazama jambo moja hasa: ulijua au hukujua? Sheria ya Wizi ya mwaka 1968, inayotumika England na Wales, kifungu cha 22, inamtia hatiani anayepokea mali huku akijua au akiamini kwamba ni ya wizi, na adhabu yake inaweza kufika miaka 14. Muuzaji anapokutamkia “knocked off” nawe ukaitikia “okay” na kutoa hela, ameshakujulisha. Kujieleza mbele ya polisi kwamba ulidhani ni feki ni mlima. Kwa mtu anayeishi kwa viza, mlima huo una kilele kirefu zaidi. Kwa hiyo ukisikia neno hili likitajwa pamoja na kitu kinachouzwa, na ukaona mashaka hata kidogo kati ya feki na wizi, rudisha mkono mfukoni. Sema “No thanks, mate,” uende zako. Huhitaji kutoa sababu.

Wizi mkubwa nao unaingia humo: “They knocked off a bank,” wamevamia benki. Na huyo mwenzako aliyesema kuua, kweli ipo: “He had his partner knocked off,” kamfanyia mpango mwenzake akaondolewa. Ni lugha ya majambazi wa filamu na riwaya, na ilianza kutumika hivyo mwanzoni mwa karne ya 20. Katika habari za kawaida hutaisikia, na msibani usithubutu. Kwetu inakaribia “kummaliza” au “kumwondoa”, maneno ambayo mtu anayatamka akiangalia pembeni.

Kwenye michezo ni salama. Timu ikiwa “knocked off the top”, imeenguliwa kileleni mwa msimamo. Magazeti yetu yangesema imeng’olewa. Usichanganye na “knocked out”, ambayo ni kutolewa kabisa kwenye mashindano ya mtoano. Wa kwanza bado yumo, ameshuka tu. Wa pili anapanda basi kurudi nyumbani.

Ipo pia kumaliza kitu haraka: “She knocked off the report in an hour,” kaiandika taarifa kwa saa moja. Usikimbilie kusema ameilipua. Kulipua kazi kwetu kuna lawama ndani yake, kazi imefanywa ovyo. Kwa Kiingereza inaweza kuwa lawama au pongezi, na ni sentensi inayofuata itakayokuambia. Ikifuatiwa na “and it’s brilliant”, kasifiwa.

Maana moja nitaipita bila kukaa, lakini sitakuficha: Uingereza na Australia, “knock off” ikiwekewa mtu kama mtendwa inaweza kumaanisha kulala naye, kwa lugha chafu, kama kitenzi “kugonga” kinavyotumika vibaya vijiweni kwetu. Ndiyo sababu nakushauri, kwa sasa, usiweke jina la mtu baada ya “knock off” katika sentensi utakayoitunga mwenyewe. Weka saa, weka bei, weka dakika. Ukisikia wengine wameweka mtu, sikiliza kwanza kama ni polisi, ni mpira au ni uchafu.

Nirudi ghalani kwako. Kama ungekuwa umefukuzwa kweli, ungesikia maneno mengine, na ni lazima uyajue kwa sababu baadhi yake ni laini mno. “You’re sacked” au “you’re fired” hayana utata. “Lay off” ni kupunguzwa kwa sababu kazi imekosekana. Hii ndiyo “off” ya kuogopa, nadhani ndiyo iliyokupigia king’ora kichwani. Na ya hatari kuliko zote kwa mgeni ni “We’re letting you go.” Neno kwa neno inasikika kama ruhusa, tunakuachia uende, na mtu anaweza kushukuru na kurudi kesho asubuhi. Kumbe ni kufukuzwa kwa lugha ya upole. Ikisemwa na “we”, ofisini, mlango umefungwa, kaa chini uulize vizuri.

Tena kufukuzwa huko kuna makaratasi. Kwa sheria yao ya ajira ya 1996, aliyeajiriwa kwa mwezi mmoja au zaidi lakini hajatimiza miaka miwili anastahili kupewa taarifa ya wiki moja angalau, isipokuwa amefanya kosa kubwa kabisa, na anapoondoka anapewa fomu ya kodi iitwayo P45. Mtu anayekujia katikati ya maboksi, anatabasamu, anakuita “mate” na hana karatasi mkononi, anakuambia ukapumzike.

Kuhusu siku uliyokosa, usimwachie msimamizi aendelee kudhani ulikuwa unaumwa. Mwambie ukweli, ni sentensi moja: “Sorry about Thursday, I thought ‘knock off’ meant you were letting me go.” Badilisha siku kama si Alhamisi. Sentensi hiyo itamwonyesha kwamba hukuwa mtoro, na kwamba maneno yote mawili sasa unayajua. Safari nyingine akikuambia uende na moyo ukashtuka, muulize palepale kabla hujakunja sare: “Knock off for today?” Akijibu “Yeah, see you tomorrow,” mwambie “Cheers, see you,” ukawahi basi la saa nane na nusu.